Nani Aliwatuma Mtengeneze?

"Kwa hiyo siku hizi treni haitikisi tena, hata kidogo?" Alimohamed aliuliza.

"Hata kidogo, bwana," alijibu msichana wa dirisha la maelezo, kwa fahari kana kwamba kazi ameifanya yeye. "Mabehewa ni mapya. Kila mtu ana kiti chake, chuma chake cha kumshikilia, na kizuizi katikati. Hamgongani tena."

"Na nani aliwatuma?"

Msichana akacheka, akidhani ni utani. Wala haukuwa utani. Alimohamed, mhasibu mstaafu kutoka Unionville, mtu wa miaka sabini na ushei, alikuwa amekasirika kweli.

Treni yenyewe ni ile rolakosta ya mbao, kongwe kuliko zote pale kwenye bustani ya michezo: inapandishwa polepole hadi juu, halafu inaachiwa iporomoke, watu wapige mayowe. Ilikuwa imefungwa msimu mzima kwa ukarabati. Zamani ilikuwa na benchi moja la watu wawili, na kwenye kona kubwa ya kwanza iliwarusha abiria wote upande mmoja. Hapo ndipo kila kiangazi, bila kukosa, mkewe Zebunissa alipomwangukia kifuani, akaita "Ya Ali", akamkamata mkono, na asiuachie mpaka kituoni. Wakishuka, alinyoosha gauni lake na kusema, "Baba Shafiq, mwakani usinilete." Mwaka ukifika, yeye ndiye wa kwanza kukaa kwenye gari.

Ilikuwa ni hapo tu alipomshika. Kwingine kote mkono wa Zebunissa ulikuwa na kazi zake. Utasema, si angemshika mwenyewe? Sema wewe uliyekulia kwingine. Hawa walichumbiana Tabora, sebuleni, shangazi watatu wamekaa katikati, na haya waliyofundwa siku ile walihama nayo hadi Kanada pamoja na masufuria. Aliwahi kujaribu, mara moja, kwenye maegesho ya duka kubwa la Markham. Zebunissa akamkazia macho. "Kifua?" akauliza, na kabla mzee wa watu hajapata la kujibu, alikuwa ameshapakiwa garini anakimbizwa hospitali, kwa mwendo uliomfanya, mzima kama alivyokuwa, aanze kweli kukisikia kifua. Hakujaribu tena.

Na mwanamke huyu si mwoga, tusimsingizie. Anapanda ngazi mwenyewe kuzoa majani kwenye mifereji ya paa. Kule juu ya Mnara wa CN, kwenye sakafu ya kioo, alirukaruka ili mjukuu wao Aleena ampige picha, watu wengine wamejibanza ukutani. Lakini treni hii ilimtoa roho, na Alimohamed alimshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa wameitengeneza. Mficha uchi hazai, lakini hili angemwambia nani? Mwanawe Shafiq angecheka wiki nzima. Aliogopa. Si treni aliyoiogopa. Aliogopa kwamba ule mkono ndio basi tena, na katika umri wao hakuna ujana wa kuanza kujifunza mengine.

Akarudi kwenye foleni, ambako Zebunissa alikuwa anakula chipsi za mhogo alizoziingiza kwa magendo, chini kabisa ya mkoba.

"Wamesemaje?"

"Mama Shafiq, ni balaa," Alimohamed alisema, sura ameikunja. "Wameizidisha. Eti watu wazima wanashuka wanalia."

"Wanalia?"

"Machozi."

Zebunissa akachukua chipsi nyingine. Wakati huo huo abiria waliotoka kushuka wakapita kando yao, na bibi mmoja, aliyewazidi umri wote wawili, alikuwa anamweleza mwenzake kwamba treni imekuwa laini mno, mtu angeweza kufuma sweta mle ndani. Zebunissa alisikia. Akamgeukia mumewe, naye akajitia anatazama mawingu.

"Basi mwaka huu sitaogopa," alisema Zebunissa. "Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," akajibu Alimohamed, kwa sauti ya mtu anayepokea rambirambi.

Zamu yao ikafika. Mabehewa yalikuwa yanang'aa, yananukia rangi mpya. Wakaketi, vyuma vikawashukia mapajani, kila mmoja na chake. Katikati yao palisimama kizuizi kilichofunikwa ngozi nyeusi, kimewafika viwikoni. Hata bega lisingefika, kona iwe kubwa namna gani.

Zebunissa akakigonga kwa kidole. "Wametutenga."

"Ni kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

Alimohamed akaiweka mikono yake magotini, akatazama mbele, akajiambia kwamba mwakani watabaki nyumbani, wakate majani ya uani, wanywe chai, mambo yaishe. Miaka yote hiyo alikuwa akiishi kwa hisani ya benchi bovu. Ilimuuma kuliko alivyotegemea.

"Ya Ali," ikasikika kando yake.

Zebunissa alikuwa amefumba macho yote mawili. Mkono wake ukapanda juu ya kizuizi, ukashuka upande wa pili, ukapapasa mpaka ukaupata wa mumewe, ukaukamata na kuung'ang'ania kwa nguvu zile zile za kwenye kona kubwa.

Alimohamed akajitia tena anatazama mawingu. Treni ilikuwa bado haijaondoka.