Viganja Vilivyozimwa

Siku hizo ilikuwa sheria: mshonaji aliyeumia mikono kwa kurudia kazi ileile alizimwa viganja kila jioni ili vipumzike. Havikuhisi wala kushika kitu mpaka asubuhi. Miguu ilibaki huru, na Mwanakheri, mmoja wa washonaji hao, hakuacha mazoezi ya kutembea. Alitoka na mama yake, Bi Zena, ambaye haoni, mama ndiye akimshika kiganja.

Jioni moja walivuka barabara ya sokoni huku Mwanakheri akisimulia habari za jirani. Alipouliza, "Au sivyo, mama?" hakujibiwa. Akageuka. Bi Zena alikuwa amebaki katikati ya barabara, magari yanampita huku na huku.

Alimrudia mbio, akamkinga kwa mwili mpaka ng'ambo.

"Mbona uliniacha, mwanangu?"

"Sikujua kama umeniachia, mama."

"Uliniponyoka. Nilikubana kwa nguvu zangu zote."

Mwanakheri akamwambia ashike upindo wa kanga yake, wakamaliza matembezi.

Nyumbani aliona damu. Kucha za mama zilikuwa zimechimba kiganja chake.

"Nilikuumiza?" Bi Zena akauliza.

"Hapana, mama," akajibu, na ilikuwa kweli.