Kisiki na Wachuma Uyoga

Asubuhi hiyo, mtandaoni, Kisiki alimwambia mjane mmoja wa Sotkamo, mbele ya wachuma uyoga wote, kwamba uyoga aliojipiga nao picha aliununua dukani.

Tusi kama hilo, kule Kajaani, Ufini, mtu anaweza kulivumilia kwa nduguye, tena ndugu aliyelewa. Likitoka kwa mtu asiyejulikana, halimezeki. Kabla kahawa haijapoa mtandao mzima ulikuwa umewaka. Watu ambao miaka yote waliandika "Mvua" wakajibiwa "Ndiyo" sasa walirushiana matusi ya nguoni.

Taisto alishika kichwa mbele ya skrini. Mtandao ulikuwa wake. Alipostaafu kutoka kiwanda cha karatasi alijitengenezea seva, yaani kompyuta ya kuendeshea mtandao, kwa mikono yake, akaiweka kwenye kabati chini ya ngazi, akawakaribisha wachuma uyoga wa mkoa mzima. Mitandao ya namna hii haina bwana mkubwa. Kila mwenye seva anatawala kwake, na seva huamkiana kama majirani. Ila ukifuga mtovu wa adabu, majirani wanakufungia mlango. Seija, mwenye seva kubwa ya Tampere, alikuwa ameshamwandikia: "Mtoe Kisiki kabla ya sauna ya Jumamosi. Usipomtoa, sote tunakukatia."

Na Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo; jioni watu wangeingia kwenye bafu lao la mvuke.

"Si umfute tu, mume wangu?" alisema mkewe, Orvokki. Alikuwa amejifunga blanketi juu ya koti.

"Namfuta, anarudi! Anafungua akaunti nyingine, jina lilelile, picha ileile ya mraba mweupe."

"Basi mwache atukane. Leo angalau navihisi vidole vyangu."

Hapo hakudanganya. Taisto, kwa ubahili aliouita ufundi, alikuwa ameng'oa hita zote na kupitisha hewa moto ya seva kwenye mabomba hadi vyumbani. Watu wakibishana, seva inachemka na nyumba inapata joto. Wakinyamaza, nyumba inaganda, na Wafini kwa kunyamaza hawana mpinzani.

"Na hicho kidude chako cha kupangia joto, hicho cheupe pale ukutani," Orvokki aliendelea, "nilikiambia digrii ninazotaka tangu majani hayajapukutika. Kimefanya nini?"

"Nimekitilia akili mwenyewe, nikakiunga na seva. Kinajifunza. Kipe muda."

"Kijifunze haraka, bwana. Mimi sina miaka mingi."

Taisto alikuwa akifuata nyayo za Kisiki ndani ya seva, kutoka waya hadi waya, mpaka akafika mwisho. Alirudia tena. Jibu lilikuwa lilelile.

"Orvokki," alisema polepole. "Huyu mtu anaandika kutoka humu ndani."

"Humu ndani tuko wawili."

"Ndiyo."

Orvokki alisimama, blanketi likaanguka.

"Ala! Mimi? Yule mjane ni binamu yangu, nilisimama kwenye harusi yake! Nimelala kwenye jokofu lako hili, nikanyamaza. Nimekula nimevaa glavu, nikanyamaza. Leo unaniita mchonganishi?"

"Nani mwingine anayetaka joto humu?"

"Nakwenda kwa dada yangu Oulu. Kwake kuna kuni, na kuna watu wenye akili!"

Alishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Taisto aliona vibaya mno. Angeweza kuishi bila wachuma uyoga wote wa Ufini, lakini nyumba bila huyu mwanamke hakujua hata chumvi inakaa wapi. Hata hivyo ushahidi ulikuwa pale kwenye skrini, naye alikuwa mtu wa ushahidi.

Orvokki alifunga sanduku, akaigeukia meza, akaibwaga simu yake juu yake.

"Sitoki hapa na jina chafu. Simu hiyo. Weka na yako. Mikono yangu hii hapa mezani, na wewe weka yako, tumsubiri huyo Kisiki wako. Na fungua dirisha, hasira zinanibana kifua!"

Taisto alifungua. Baridi ya Januari iliingia bila hodi. Wakakaa uso kwa uso, viganja mezani, sanduku mlangoni.

Kwenye skrini ugomvi ulikuwa ukiisha. Mjane wa Sotkamo alipakia picha ya pai ya uyoga, mtu akaandika "Safi," mwingine akaandika "Ndiyo." Kabatini feni zilipunguza mwendo, kisha zikanyamaza. Orvokki alianza kutetemeka, lakini mikono hakuitoa.

Ndipo Kisiki akaandika. Safari hii alimjia Seija mwenyewe: uyoga wa Tampere, alisema, hata nguruwe huukagua kwanza.

Taisto aliitazama mikono ya mkewe. Haikuwa imesogea. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Nisamehe, mke wangu. Nisamehe sana."

"Utaniomba radhi baadaye. Muulize kwanza!"

Akavuta kibodi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akaandika kwa kimoja, hadharani, kila mtu aone: "Wewe ni nani? Sisi tumekukosea nini? Sema unachotaka, tukupe, utuache!"

Seva zote zikatulia, kuanzia Kajaani hadi Tampere.

Kisiki akajibu: "Digrii ishirini na moja."