Gauni la Kukimbilia

"Kipi muhimu zaidi kwako," simu ya fundi iliuliza kwa maandishi makubwa, "gauni ling'ae, au uweze kukimbia ukiwa umelivaa?"

Bibi harusi hakufikiri hata kidogo. Akagusa kukimbia.

Fundi alidhani kidole kimeteleza. "Umesoma vizuri hapo, mdogo wangu?"

"Nimesoma, dada. Lete lingine."

Likaja lingine. Shela ndefu, au shela inayovulika kwa mkono mmoja? Mkono mmoja. Mkia wa kuburuza, au mifuko? Mifuko. Viatu virefu, au raba? Raba, na binti akacheka peke yake nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Programu hiyo ya maswali fundi aliwekewa kwenye simu na wifi yake, ambaye kazini kwao waliitumia kujua waanze na lipi kati ya mengi wanayoyataka wateja. Kila mtu anaandika matakwa yake, programu inayakusanya na kuyapambanisha mawili mawili mpaka mshindi ajulikane. Fundi hakuwa na ujanja mwingine. Gauni hili alikuwa ameshalikata mara mbili, na mara zote mbili likakataliwa. Mama wa bibi harusi anavutia huku, mama wa bwana harusi anavutia kule, na binti mwenyewe ananyamaza mbele yao, kisha jioni anapiga simu kubadili kila kitu. Zilibaki siku kumi. Akikosea tena, jina lake mtaani limekwisha.

Mama wa bibi harusi alikaa nyuma ya pazia nusu saa nzima. Kila palipotajwa kung'aa, alichagua kung'aa. Katikati simu ikamwambia majibu yake yanapingana: amesema mkia unaishinda lesi, lesi inaishinda shela, na shela inaushinda mkia.

"Ala! Na hiki kisimu nacho kinanisuta?" akafoka.

Mama wa bwana harusi, mwalimu mstaafu asiye na maneno mengi, alimaliza kwa dakika tatu. Akarudisha simu, akaaga, akaenda zake. Fundi alipotazama majibu yake, tepu ilimdondoka. La kwanza kabisa: kukimbia.

Akampigia wifi yake papo hapo. "Wifi, kuna balaa. Huyu binti anataka kutoroka siku ya ndoa, na mama mkwe ndiye anayemsaidia!"

"Programu imesema hivyo?"

"Imesema kukimbia."

"Imesema kwa nini?"

"Hapana."

"Basi na wewe usiseme. Mteja akitaka mifuko, mtilie mifuko. Mengine ni ya kwao."

Fundi akashona. Akafupisha upindo ukaishia juu ya vifundo vya miguu, akaondoa mkia, akaweka marinda ya siri pembeni ili mguu upate nafasi, na lesi akaibakiza kifuani ili mama wa bibi harusi apate cha kutazama. Lakini usingizi ulimpaa. Siku ya kujaribu gauni alishindwa kujizuia.

"Mdogo wangu," alisema, pini mdomoni, "kama kuna jambo hulitaki, linasemeka. Bado mapema."

"Jambo gani, dada? Yule mtu nampenda kupita maelezo." Binti akapanda juu ya meza ya kukatia, akaruka chini, akazunguka duka mbio mara mbili. "Safi! Halikazi popote."

Wote husema hivyohivyo, fundi alijiambia.

Mama wa bwana harusi ndiye aliyekuja kulichukua gauni. Alivuta mishono mmoja mmoja kama anayesahihisha mtihani.

"Kutoka ukumbini mpaka kituo cha mabasi ni kama mita mia tatu," alisema. "Litafika?"

"Litafika, mama," fundi alijibu kwa sauti ndogo.

"Na kurudi?"

Fundi hakuelewa swali, lakini aliitikia kwa kichwa.

Siku ya ndoa alikaa kiti cha nyuma kabisa, mkoba wenye sindano na uzi mapajani. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamesimama ukutani. Mama wa bibi harusi alikuwa mbele, aking'aa yeye badala ya gauni. Msajili akafungua daftari, akakohoa, akawaomba maharusi wasimame.

Fundi akafumba macho. Hakutaka kuona.

Alisikia kiti kikianguka. Akasikia mlango ukibamizwa, kisha sauti ya mama wa bibi harusi ikipasua ukumbi: "Jamani, anakimbia! Anakimbia!"

Alipofumbua macho, aliwahi kuona kitu cheupe tu kikipita mlangoni kama umeme. Akajiinamia. Alitamani ardhi ipasuke immeze na mkoba wake. Watu wote wangeuliza nani kashona gauni lile, na jibu lilikuwa linajulikana mtaa mzima.

Zogo likawa kubwa. Msajili alikuwa bado ameshika kalamu hewani. Mama wa bwana harusi peke yake ndiye aliyebaki ameketi, mikono imekunjwa, akitazama saa yake.

Zilipita dakika nne hivi. Mlango ukafunguliwa.

Bibi harusi aliingia akihema, jasho likimtiririka, shela begani, hakuna hata uzi mmoja uliochomoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umemshika bwana harusi ukosi wa koti.

"Nakubali," bwana harusi alisema, naye akihema, kabla hata hajaulizwa.