Sufuria ya Kasuku

Zama zile wanyama walisimuliana hadithi kwa zamu, na Kasuku kila zamu yake alirudia za wenzake, neno kwa neno. Safari hii wakamwonya: akirudia tena, asikanyage barazani.

Mbio kwa Nungunungu, bingwa wa hadithi. "Shangazi, hadithi unaitungaje?"

"Mwanangu, hadithi ni muhogo mchungu," alisema Nungunungu. "Umenye, utoe ule uzi wa katikati, uloweke mpaka uchungu utoke, kisha uinjike motoni. Na usifunuefunue!"

Kasuku akashukuru, akaenda kutafuta muhogo. Akamenya, akatoa uzi, akaloweka siku tatu, akainjika. Kutwa nzima aliinamia kifuniko, akingoja hadithi ianze. Maji yakakauka, muhogo ukawa mkaa.

Jioni alitua barazani na sufuria nyeusi, amefura kwa hasira.

"Shangazi kanidanganya! Nimeinjika, nikasikia inatokota, nikadhani ndiyo utangulizi! Nikatega sikio vizuri, shavu likaungua! Ikaanza kunuka, nikasema, haya, sasa tumefika penye msiba!"

Fisi alicheka hata akaanguka. Tumbili akapiga kelele, "Hebu rudia pale pa shavu!" Nungunungu, aliyekuwa akingoja zamu yake, akaimeza hadithi yake kimyakimya.

Baadaye alimvuta Kasuku kando. "Mwanangu, ile umeitungaje?"

Kasuku akajipapasa shavu, akawaza sana.

"Shangazi," alisema, "kwanza uunguze sufuria."