Kiganja cha Hinokuma

“Usiguse!”

“Sijagusa. Nimenyoosha mkono tu.”

“Mkono wa Kuramochi ukinyooka, kila mtu aangalie vidole vyake.”

Wageni wanane waliokuwa wamevua viatu mlangoni walicheka. Kisha wakamwona mwanamke aliyejibiwa hivyo hacheki, wakanyamaza.

Fumie Kuramochi alikuwa amelipa kiingilio kama wao. Alizunguka nao kwenye mabaki ya ukuta wa mawe, akapita nao kwenye makabati ya panga na kofia za vita, bila neno. Alikuwa akisubiri ghorofa hii ya juu ya mnara wa lango, jengo pekee la ngome ya Hinokuma lililonusurika moto. Hapa sakafuni, nyuma ya kamba, palikuwa na ubao wenye alama ya kiganja cha mtoto, nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kidole cha pete kiliishia katikati.

Bi Chizu Nishiwaki, aliyekuwa ameongoza wageni humo miaka thelathini, aliendelea pale alipokatizwa. Glovu zake nyeupe zilimpwaya kidogo, ila hazikuwa na doa.

“Binti wa adui, miaka sita. Bwana Nagatoki Kuramochi alimshika mateka. Baba mtu alipokataa kusalimu amri, Nagatoki akamkata mtoto kidole, akakipeleka kwa baba yake ndani ya kikopo cha chai. Mtoto akaanguka hapa. Hii ni damu yake.”

“Nani aliona?” Fumie aliuliza.

“Mama, nina wageni.”

“Ndiyo maana nauliza mbele yao. Bibi yangu alizaliwa mji huu na kufia hapa. Ujana wake wote hakusikia habari ya kidole. Watu walimlaani Nagatoki kwa kodi ya mpunga, basi. Hiki kidole kilitoka wapi?”

“Ulitaka bibi yako atangaze aibu ya ukoo?”

Mzee mmoja mwenye kofia ya jua alicheka kwa pua.

“Unajifanya unajua sana,” Fumie alisema.

“Sakafu hii naijua kuliko unavyoujua ukoo wako. Baba yangu ndiye fundi aliyeikarabati, makumbusho hayajafunguliwa. Aling’oa ubao mmoja mmoja, akaupaka upande wa chini maji ya tunda la persimoni bichi, yale yanayokolea wekundu mwaka hadi mwaka, usiliwe na wadudu. Ndoo kwa ndoo. Nimecheza hapa wewe hujazaliwa. Usinifundishe.”

“Na kule chini mnauza biskuti za umbo la kidole.”

“Kumi kwa boksi moja. Zinakwisha, wahi.”

Wageni walicheka tena. Fumie alisubiri wamalize.

“Nilipokuwa shule,” alisema, “nikipita, wenzangu walikunja kidole cha pete wakakificha ndani ya ngumi, kama watoto wanavyoficha dole gumba gari la maiti likipita. Nikazoea. Jumapili wakwe watarajiwa wa binti yangu walikuja nyumbani. Mama wa kijana alikuwa ameshasoma kibao chako hiki cha maelezo hapa ukutani. Nilipomwekea chai, alikunja kidole. Mwanangu anaona. Wamesema watatupa jibu kesho.”

“Pole,” alisema Bi Nishiwaki, kama anayempa pole mtu aliyesahau mwavuli. “Kamlaumu babu yako.”

“Niliomba damu hii ipimwe.”

“Najua. Muhuri wa kukukatalia niliugonga mimi. Kila mwenye jina baya akija kukwangua ubao, kutabaki nini?”

“Basi nitazame machoni, uniambie ni kweli.”

“Ni kweli.”

“Huna shaka hata kidogo?”

“Ni kweli, mama. Niseme kwa lugha gani?”

Fumie alipiga magoti kwenye ukingo wa kamba, akaweka viganja vyote viwili chini, akainama mpaka paji la uso likagusa mbao.

“Mtoto,” alisema, “jina lako silijui. Nimekuja kwa niaba ya Nagatoki, kwa kuwa yeye hakuja. Ulikuwa mdogo na uliumizwa, na hakuna wa kwetu aliyekuomba radhi. Nakuomba mimi. Binti yangu nitamwambia aibebe aibu hii, asimlaumu mtu.”

Hakuna aliyecheka. Yule mzee alivua kofia.

Bi Nishiwaki alingoja ainuke. Hakuinuka.

“Inuka. Watu wanatazama.”

“Waache watazame. Ndicho ulichotaka.”

“Inuka, nimesema!”

Mikono ya Fumie ilikaa palepale, vidole vyote kumi vimenyooka juu ya mbao.

Bi Nishiwaki aliiruka ile kamba aliyowakataza watu kuivuka kwa miaka thelathini. Alivua glovu ya mkono wa kushoto. Kipande cha pamba kikadondoka kutoka kwenye kidole kimoja. Akapiga magoti, akauweka mkono wake mtupu kando ya alama, mkubwa na mdogo sambamba. Vidole vya pete vyote viwili viliishia katikati.

“Baba aliniambia,” alisema, kwa sauti ileile ya kuongozea wageni ili hata waliokuwa mlangoni wasikie, “nisiguse ndoo.”