Mtungi wa Vasta

"Kalia, Nasani! Kalia hapo hapo!"

Nasani akakalia. Akaruka. "Mke wangu, ni moto!"

"Kalia hivyo hivyo!"

Chini ya turubai na majani ya ndizi ulijificha mtungi wa chuma ambao Vasta aliuhangaikia miaka mitatu hapo kijijini Maliba. Kazi yake? Unaushindilia mabua ya mahindi, unaujaza mvuke, mshale wa kipimo ukifika juu unafyatua mlango ghafla. Paa! Mabua yanatoka yamechambuka, laini, tayari kugeuzwa sukari, na sukari igeuzwe spiriti ya jiko. Kila siku saa saba kamili Vasta alilipua, hata mbuzi wa majirani walishazoea. Leo tu kuni mbichi zilimchelewesha, mshale ukapanda kwa kusuasua.

Ndipo jirani yao Yunia alipokuja mbio, leso mkononi. "Vasta wee! Wanajeshi wa kambini wanauliza nyumba ya bomu ni ipi!"

Mungu wangu! Kesho wataalamu wa chuo kikuu walikuwa wanakuja kuuona mtungi. Ukichukuliwa leo, miaka mitatu imekwenda na maji. Wakaufunika haraka, Nasani akawekwa juu yake. Vasta akashikwa na kicheko cha woga. Kila alipomwona mumewe akiinua tako hili na kushusha lile, kilimpata upya.

Afande Oryem akaingia na askari wanne. Jasho liliwatiririka, magoti yamejaa udongo.

"Wewe mama! Ile kitu ya kulia kama bomu iko wapi?"

"Bomu? Hapa tuko na mabua tu, afande."

Chini ya Nasani kitu kikapiga mluzi. Fyuuuu!

"Tumbo langu, afande," Nasani akasema.

Oryem alimsogeza kando, akavuta turubai. Mtungi huo, unafuka mvuke! Kicheko kikamkatika Vasta, akapiga magoti.

"Nifunge mimi, afande. Mtungi niachie, nakuomba!"

"Kila siku saa saba, ni wewe?"

"Ni mimi."

Oryem akamsukumia saa yake ya mkononi usoni, karibu alie.

"Saa nane hii, mama! Kengele ya kambi ilivunjika tangu Krismasi. Watu mia tatu bado inachimba mtaro, inangoja bomu yako ndiyo iende kula posho!"