Mshono Usio na Picha

Simu ya fundi cherehani iliisha chaji mkasi ukiwa umeshauma kitambaa cha shangazi yake. Fundi akaduwaa. Miaka yote alishona kwa kuchungulia simuni mishono ya mafundi wengine, na kila mmoja wao alimwona amemzidi ujuzi.

Chumba kikatulia. Vumbi la chaki likaelea kwenye mwanga wa dirisha, na mawazo yake mwenyewe yakaanza kuingia moja moja, kama wageni waliochoka kupiga hodi. Hakuyafukuza. Mkono ukachora kola iliyojikunja kama jani.

Jioni shangazi alijizungusha mbele ya kioo na gauni lake jipya. “Makubwa! Mshono huu umeuiga kwa nani?”

Kwa mazoea, mkono wa fundi ukaifuata simu. Ukaishia njiani.

“Kwa mtu mmoja hivi, shangazi,” akasema taratibu. “Tulikuwa tumepotezana.”